UZI: Dagaa wa Kigoma ukoo wake ni wa baharini, na Ziwa Tanganyika halijawahi kuungana na bahari. Ilikuwaje?

#1 Mwanaujiji (mleta mada)

Wakuu, salaam.

Juzi nimeingia sokoni Dar kutafuta dagaa. Jamaa kanipimia kopo, nikamwambia hawa si wa Kigoma, hawa wa Mwanza. Akanicheka: "Kaka, dagaa ni dagaa, tofauti ni basi lililowaleta." Watu wakaangua kicheko, na mimi nikacheka, nikalipa, nikaondoka. Lakini mimi mtoto wa Ujiji, nimekua nageuza dagaa mchangani kabla ya kwenda shule, na baadaye nikasomea uvuvi. Neno lile limenikaa kooni kama mwiba. Nimekuja kulitolea hapa.

Dagaa wa Mwanza na dagaa wa Kigoma wameunganishwa na jina tu, kama Juma wa Tabora na Juma wa Lamu. Wa Mwanza, ambaye Wakenya wanamwita omena na Waganda mukene, ni wa ukoo wa ningu. Huo ni ukoo wa maji baridi tangu enzi na enzi. Usipa wa Ziwa Nyasa naye yumo humo humo. Wa Kigoma ni wa ukoo wa simu na saradini. Yaani ndugu zake wako Feri, wako Malindi, wako Mombasa, wanaogelea kwenye chumvi.

Ukitaka kuuona ukoo huo, mchukue simu mbichi, mgeuze tumbo juu, pitisha kidole taratibu kutoka mkiani kuelekea kichwani. Utakwaruzwa. Kuna mstari wa vigamba vyenye ncha umepangwa chini ya tumbo kama meno ya msumeno. Ni alama ya ukoo ule. Ningu hana kitu hicho.

Sasa swali. Kigoma mpaka Bahari ya Hindi ni zaidi ya kilomita 1,000. Ukoo wa baharini umefikaje ziwani?

Si mimi wa kwanza kuuliza. Mwingereza mmoja, J. E. S. Moore, alikuja Tanganyika mara mbili miaka ya 1890 kwa ajili ya jambo hilihili. Aliona konono wenye makombe mazito yanayofanana na ya pwani, kaa, na hata konyeza, wale wa maji baridi, wangavu, wenye ukubwa wa sarafu. (Wapo mpaka leo. Utotoni tulikuwa tunawachota kwa viganja na hawawashi.) Mwaka 1903 akatoa kitabu akidai kwamba Tanganyika ni kipande cha bahari ya kale kilichobaki nchi kavu. Wazo zuri sana, ila si kweli. Ziwa lile ni ufa wa ardhi, bonde la ufa lililojaa maji, lina umri wa miaka kama milioni 9 hadi 12, na halijawahi kuungana na bahari hata siku moja.

Kwa hiyo bahari haikufika, ila samaki wake alifika. Nakuja na njia aliyopitia, ngoja nile kwanza.

#2 KopoLaMwisho

Nimewahi siti ya mbele. Shusha mkuu.

Ila na bei ya dagaa wa Kigoma nayo imetokea baharini? Maana kila mwaka inapanda kama maji kujaa.

#3 OmenaKwaUgali

Sasa mnaniambia omena wangu wa Kisumu si saradini ndogo? Miaka yote hiyo nimekuwa nikiwaambia watoto hivyo mezani. Mmenivunjia heshima nyumbani.

#4 Mwanaujiji (mleta mada)

Pole sana ndugu yangu wa Kisumu, waombe radhi watoto.

Njia ni hii. Mwaka 2008 watafiti walilinganisha DNA ya dagaa wetu na ya samaki wa ukoo huo walioko kwenye mito ya Afrika Magharibi na Kongo. Wako wengi huko, wadogo wadogo, wa maji baridi, wengi wetu hatujawahi kuwasikia. Kikaonekana kitu ambacho Moore hakukifikiria: mlango haukuwa Tanganyika, mlango ulikuwa Afrika Magharibi. Kati ya miaka milioni 25 na 50 iliyopita bahari ilikuwa imeingia ndani ya nchi upande ule. Ilipoanza kurudi nyuma, baadhi ya samaki wakabaki kwenye maji yaliyokuwa yanapoteza chumvi kidogo kidogo. Waliohimili wakazaa, wakagawanyika kuwa spishi nyingi, wakatambaa mto kwa mto kuvuka bara. Tanganyika ilipokuwa ndiyo kwanza inajitengeneza, wakaingia.

Huyu samaki alikata bara zima kwa mito kabla binadamu hajakuwepo. Sisi tunasumbuka na treni ya Kigoma.

Alipofika akakuta ziwa refu, lenye kina cha mita 1,470 kule chini kabisa, na katikati ya maji palikuwa na nafasi. Leo tuna spishi mbili za ukoo huo ambazo asili yake ni Tanganyika peke yake: dagaa mwenyewe, Stolothrissa, anayekaa maji ya katikati, na Limnothrissa, ambaye Warundi wanamwita lumbu, anayependa zaidi kukaribia ufukwe. Nyuma yao wakaja wawindaji, migebuka na jamaa zake, ambao ni wa kundi moja na sangara. Ukikaa kwenye kipe, chombo chetu cha kuvulia dagaa, usiku wa giza, taa zinawaka, dagaa wanazunguka kwenye mwanga kama vumbi la fedha, halafu ghafla wanapasuka pande zote kwa sababu mgebuka amepita chini, utadhani uko bahari kuu unatazama jodari na saradini.

#5 MwanaForodhani

Mie wa Unguja. Nakubali maneno matamu haya, lakini kuna pahala hapajakaa sawa. Mie nikimchukua changu nikamtia kwenye ndoo ya maji ya mvua, hafiki laasiri. Sasa huyo babu yake dagaa alipitaje? Alikuwa na hirizi?

#6 Mwanaujiji (mleta mada)

Swali zuri, na ndipo penye uhondo wenyewe.

Nenda jikoni. Ukikata tango la kachumbari ukalinyunyizia chumvi, baada ya dakika kumi bakuli lina maji. Chumvi iliyo nje imeyavuta maji yaliyo ndani. Sasa samaki wa baharini ndiye tango. Bahari ina chumvi kama gramu 35 kwa lita, na damu yake ina kama theluthi ya hapo. Kila saa maji yanamtoka. Anachofanya ni kunywa maji ya bahari mfululizo, halafu chumvi anaisukuma nje kupitia matamvua, ambako kuna seli maalumu zenye pampu. Mkojo wake ni kidogo na mzito.

Samaki wa maji baridi ni kinyume chake, yeye ni harage lililolowekwa. Maji yanaingia bila kuomba ruhusa. Kwa hiyo hanywi, anakojoa mkojo mwingi mwepesi kama maji, na seli za matamvua yake zinafanya kazi ya kuokoteza chumvi chache zilizomo majini na kuziingiza ndani.

Pampu zilezile, ila mmoja anamwaga nje na mwingine anavuta ndani. Changu wako ana mtambo wa upande mmoja. Ukimtumbukiza kwenye maji ya mvua anaendelea kuendesha mambo kama yuko baharini, chumvi inamwishia mwilini, anavimba, anakufa. Wanaovuka ni wale ambao tangu mwanzo wanaweza kugeuza mtambo, nao kwa kawaida ni samaki wa midomo ya mito na mikoko, kule ambako maji yakijaa ni chumvi na yakitoka ni baridi. Babu wa dagaa hakuruka ukuta siku moja. Inaelekea alikaa kibarazani muda mrefu kwanza.

#7 FundiBwawa

Hapo umenigusa kidonda, mkuu. Mimi nina mabwawa karibu na Bagamoyo. Niliuziwa vifaranga vya sato na mtu ambaye simtaji, akaniapia kwamba "hawa wanavumilia chumvi". Kisima changu kiangazi kinaingiwa na chumvi, nikasema afadhali. Nikawatoa kwenye tangi la maji ya bomba nikawamwaga bwawani asubuhi. Jioni wanaelea. Nilizika samaki kwa toroli. Sasa nilidanganywa au nilikosea mimi?

#8 Mwanaujiji (mleta mada)

Pole kaka. Yote mawili kidogo.

Sato kweli anavumilia chumvi kiasi, lakini si ya bahari kamili, na si kwa kumwagwa. Zile seli za matamvua hazigeuki kwa saa moja, zinahitaji siku kadhaa kubadilishwa. Ungepandisha chumvi kidogo kidogo kwa wiki moja au mbili, wengi wangepona. Perege wa Msumbiji ndiye mwenye uwezo mkubwa zaidi, yeye akizoeshwa taratibu anaishi hata kwenye maji ya bahari yenyewe. Na kama uko pwani kabisa, fikiria mwatiko, huyo ndiye mwenyeji wa mazingira hayo.

Ila mfano wako umeleta jambo ambalo watu wanalichanganya. Samaki kuzoea ni kitu kimoja, ukoo kugeuka ni kitu kingine. Mwatiko anaingia kwenye maji ya chumvi kidogo akiwa mdogo, anarudi baharini kutaga. Mkunga anapanda Rufiji akakaa miaka mtoni, lakini mayai lazima akatagie mbali baharini. Yule papa anayepanda Zambezi naye vilevile, leo mtoni kesho baharini. Hao wana pasi za pande zote mbili na bado ni spishi ileile moja, kwa sababu wote wanakutana mahali pamoja kuzaana. Spishi mpya inaanza pale ambapo waliobaki upande mmoja hawarudi tena kwenye harusi za upande wa pili.

#9 MzeeWaHoja

Nimefuatilia kimya kimya tangu asubuhi. Vijana mna maneno. "Miaka milioni 25." Nani alikuwepo? Mimi nimevua Mafia miaka arobaini, sijaona samaki anageuka. Naona tu wanapungua. Nionyeshe samaki mmoja ambaye watu wamemwona kwa macho akitoka baharini na kubadilika. Mmoja tu, nami nitanyamaza.

#10 Mwanaujiji (mleta mada)

Shikamoo mzee. Yupo, ila si wa kwetu. Twende Alaska.

Kuna samaki mdogo huko, urefu wa kidole, ana miiba mitatu mgongoni. Kiswahili hana jina, tumwite miiba-mitatu. Anaishi bahari zote za kaskazini. Baharini ubavu wake umevikwa vibao vya mfupa, zaidi ya thelathini kila upande, kama mabati ya ukuta. Lakini wale wa maziwani na mitoni wana vibao vichache tu, wengi chini ya kumi. Na maziwa hayo mengi ni mapya: hapo palikuwa barafu tupu mpaka kama miaka 10,000 hadi 12,000 iliyopita. Barafu ikayeyuka, samaki wa baharini wakaingia, na ziwa baada ya ziwa, kila mahali peke yake, vibao vikapungua.

Najua utasema 10,000 nayo hukuwepo. Haya.

Kuna ziwa dogo linaitwa Loberg. Mwaka 1982 walitia sumu kuua samaki wote ili wapande wengine wa kuvuliwa kwa burudani. Miaka michache baadaye miiba-mitatu wa baharini wakapanda kijito wakaingia wenyewe. Mtafiti Michael Bell aliwakuta mwaka 1990: karibu wote wana vibao kamili, yaani ni wa baharini. Akawa anarudi kila mwaka na wenzake, wanavua, wanahesabu vibao, samaki kwa samaki. Kufikia 2001 mambo yalikuwa yamepinduka, takriban robo tatu walikuwa wa vibao vichache. Miaka kumi na moja tu. Mzee, hiyo ni kama robo ya muda wako Mafia.

Na kingine. Tarehe 27 Machi 1964 Alaska ilipigwa na tetemeko la ukubwa wa 9.2. Kisiwa cha Middleton kiliinuka zaidi ya mita 3. Sehemu iliyokuwa chini ya bahari ikawa nchi kavu yenye madimbwi, mvua ikayajaza maji baridi. Miiba-mitatu wakaingia humo. Watafiti walipowapima, ndani ya miaka isiyozidi 50 walikuwa tayari wanaonekana kama samaki wa ziwani wa maelfu ya miaka. Tarehe ya kuzaliwa kwa madimbwi hayo inajulikana mpaka saa.

#11 BiMkasi

Naomba niongeze hapo kaka Mwanaujiji, mimi nipo maabara, si ya samaki, ila jeni ni jeni.

Kinachofanya liende haraka hivyo ni kwamba samaki hasubiri jeni mpya izaliwe. Mwaka 2005 timu ya David Kingsley wa Chuo Kikuu cha Stanford ilionyesha kwamba jeni kuu inayohusika na vile vibao inaitwa EDA. (Sisi binadamu tunayo pia. Ikiharibika mtu huzaliwa na upungufu wa nywele, meno na tezi za jasho.) Walipotazama samaki wa baharini, wakakuta baadhi yao wachache wamebeba nakala ya "vibao vichache" huku kwa nje wana vibao kamili, kwa sababu nakala moja peke yake haionekani. Na nakala hiyo ni ya zamani mno, karibu miaka milioni 2, kongwe kuliko maziwa yenyewe.

Ilifikaje baharini? Kila majira ya kuchipua samaki wa baharini wanapanda midomo ya mito kutaga, wanakutana na wa mtoni, wachache wanachanganyika. Watoto chotara wanarudi baharini wamebeba jeni za mtoni mfukoni. Zinatawanyika pwani nzima kidogo kidogo, na siku ziwa jipya likifunguka mahali pengine, wanaoingia wanazo tayari. Mto mmoja unakopesha bahari, bahari inapeleka kwa mto mwingine. Mimi nikisoma hilo nilifunga kompyuta nikaenda kunywa chai.

Na sababu ya kuvua mabati ni ya kiuchumi tu. Baharini kuna meno mengi ya kukukimbiza, koti la mfupa lina maana. Ziwani, walipowajaribu kwenye mabwawa, wenye nakala ya vibao vichache walikua haraka zaidi. Akiba iliyokuwa inakwenda kwenye mfupa inakwenda kwenye mwili.

Halafu kuna kizuizi ambacho hata mleta mada hajakigusa: chakula. Si chumvi tu. Chakula cha baharini kimejaa mafuta yanayoitwa DHA, yale yanayouzwa kwenye vidonge vya mafuta ya samaki. Cha maji baridi kina kidogo sana. Mwaka 2019 watafiti wa Japani walionyesha kwamba miiba-mitatu waliofanikiwa kuhamia maji baridi wana nakala za ziada za jeni iitwayo Fads2, inayowawezesha kujitengenezea mafuta hayo wenyewe. Jamaa zao wa Bahari ya Japani wasio na nakala hizo, wakipewa chakula kisicho na DHA wanakufa kwa wingi, na ni kweli kwamba hawakuwahi kuyatawala maziwa. Yaani unaweza kuwa na mtambo mzuri wa chumvi, ukafa kwa lishe.

#12 FundiBwawa

Dada hapo kwenye lishe umenifungua macho kuliko semina zote nilizolipia.

#13 MzeeWaHoja

Marahaba kijana. Hesabu ya vibao nimeielewa, na huyo aliyerudi kila mwaka kuhesabu namheshimu, huyo ni mvuvi. Lakini kupungua mabati si kuwa samaki mwingine. Mwanangu akivua koti bado ni mwanangu.

#14 Mwanaujiji (mleta mada)

Mzee, hoja hiyo ni nzito na hata wataalamu hawalali kwa ajili yake. Ukweli ni kwamba miiba-mitatu wa Loberg bado wanahesabiwa spishi ileile. Kuvua koti ni mwanzo tu. Ni lini tunasema sasa wamekuwa wawili? Kipimo cha wengi ni ndoa: wakikutana, wanaoana?

Kule British Columbia, Kanada, kuna ziwa linaitwa Paxton, kisiwani Texada. Ndani yake wamo miiba-mitatu wa aina mbili. Mmoja mnene, mdomo mpana, anakula wadudu wa chini kwenye matope. Mwingine mwembamba, macho makubwa, anakula vidudu vinavyoelea katikati ya maji. Wako ziwa moja, wanaonana kila siku, na hawaoani isipokuwa kwa nadra. Dolph Schluter na wenzake wa huko wamewafuatilia kwa miaka mingi. Maelezo yanayokubalika zaidi ni kwamba bahari iliwaingiza mara mbili: kundi la kwanza likazoea ziwa, likajichimbia chini, na kundi la pili lilipokuja likakuta chini kumejaa, likabaki juu. Majike huchagua dume la ukubwa na sura ya kwao. Chotara wakizaliwa wanakuwa katikati, hawashindi chini wala juu.

Lakini nisikufiche upande wa pili. Ziwa Enos, kisiwa cha Vancouver, lilikuwa na jozi kama hiyo. Kamba wageni wa maji baridi wakaingia, mazingira yakavurugika, na wale wawili wakaanza kuoana. Leo ni mchanganyiko mmoja. Spishi mbili zilizochukua maelfu ya miaka kutengana zilirudi kuwa moja mbele ya macho ya watafiti. Kwa hiyo mzee, una haki ya kushuku, mlango unaweza kufunguka tena kama haujakomewa.

Na ndiyo maana mimi naona chumvi ina kazi mbili. Kwanza ni ukuta unaozuia usipite. Ukishapita, ukuta uleule unakutenga na wenzio uliowaacha, maana wao hawawezi kukufuata wala wewe huwezi kurudi. Babu wa dagaa alipoingia mtoni, kila kizazi kilichozoea maji baridi kilikuwa kinaongeza tofali. Leo ukimchukua dagaa wa Kigoma ukamtia baharini Kunduchi atakufa kama changu wa ndugu yetu wa Unguja kwenye ndoo ya mvua.

#15 SambazaBukavu

Jambo sana ndugu zangu. Mimi niko Bukavu. Huku Ziwa Kivu hao lumbu wenu sisi tunawaita sambaza. Wazee wanasema hawakuwepo zamani, Wabelgiji ndio waliowatoa Tanganyika wakawaleta hapa mwishoni mwa miaka ya 1950. Sasa ni chakula cha kila nyumba. Jioni mitumbwi mitatu inafungwa pamoja kwa miti mirefu, taa mbele, watu wanapiga makasia wanaimba, mpaka kule Rwanda ng'ambo unasikia. Swali langu: sambaza wetu ameisha kuwa samaki mwingine, ama bado ni wa kwenu?

#16 Mwanaujiji (mleta mada)

Karibu sana ndugu yetu. Hizo nyimbo nazijua, nilipita Kivu nikakaa ufukweni mpaka baridi ikanifukuza.

Bado ni Limnothrissa yuleyule. Miaka sitini na kitu kwa samaki huyo ni vizazi vingi, lakini hajakutana na kitu kinachomlazimisha kugeuka kwa kiasi cha chumvi na maji baridi. Ila mwili unaanza kusema. Samaki huyohuyo alipandwa pia Kariba, lile bwawa la mto Zambezi, mwaka 1967 na 1968, kule wanamwita kapenta. Kapenta wa Kariba amekuwa mdogo kuliko lumbu wa Tanganyika na anazaa mapema. Ni lishe tu au ukoo umeanza kuyumba? Hilo la kuwaachia wajukuu zetu wahesabu kama alivyohesabu Bell. Na mkumbuke ajabu yake: kutoka Kariba akateremka Zambezi mwenyewe mpaka bwawa la Cahora Bassa, Msumbiji. Ukoo uliotoka baharini mamilioni ya miaka iliyopita unateremka tena kuelekea baharini, ingawa kwa sasa hawezi kuingia.

#17 MwanaForodhani

Kwani hakuna aliyewahi kurudi? Naona wote mwawatoa baharini kuwapeleka bara. Na sie je?

#18 Mwanaujiji (mleta mada)

Wapo, na mmoja umemla. Hongwe! Yule mwenye ndevu na mwiba wa sumu. Jamaa zake karibu wote, kambare na wengineo, ni watu wa mitoni. Ukoo wake ndio uliochukua njia ya kwenda baharini ukastawi huko, na baadaye baadhi yao, huko Australia na New Guinea, wakarudi tena mitoni wakawa spishi nyingine. Kwenda na kurudi.

Na kuna utafiti wa mwaka 2012 uliotikisa meza kidogo: ukipanga ukoo mzima wa samaki ambao mapezi yao yameshikiliwa na vijiti vyembamba, kama hawa tunaowala, wengi wa baharini leo wanaonekana kuwa na babu aliyekaa maji baridi. Mito na maziwa ni tone tu ukilinganisha na bahari, lakini karibu nusu ya spishi zote za samaki duniani zimo humo. Sababu ni ileile: kila ziwa ni chumba chenye mlango wake. Bahari ni ukumbi.

#19 OmenaKwaUgali

Nimewaambia watoto. Mdogo ameuliza kama basi omena atakasirika. Mleta mada, nipe njia ya kutofautisha wakiwa wamekauka, hiyo ya kukwaruza haifanyi kazi kwa kitu kidogo hivyo.

#20 Mwanaujiji (mleta mada)

Kweli, kwa mkavu mdogo usitegemee kidole. Mloweke kwenye maji ya vuguvugu robo saa, umlaze kwenye sahani nyeupe, uinue pezi la mgongoni kwa sindano. Wa Kigoma pezi liko katikati ya mgongo. Omena limesogea nyuma, karibu juu ya pezi la chini lililo kuelekea mkiani. Tafuta wasiovunjika.

#21 KopoLaMwisho

Wakuu nimerudi. Nilinunua pakiti wiki iliyopita, imeandikwa "Dagaa Halisi wa Kigoma", jina la muuzaji nalihifadhi. Nimeloweka ishirini, nimetumia sindano ya mke wangu bila ruhusa. Wenye pezi katikati: saba. Wenye pezi nyuma: kumi na moja. Wawili hawana mgongo kabisa.

Mke wangu amekuja, ameona dagaa wamepangwa mistari miwili kwenye sahani za wageni, ameuliza kama niko sawa.